Ridhaa na Riziki: Mkimbiaji wa Budimo na Kazi ya Michezo Mpakani

Viunzi kumi humsubiri mkimbiaji wa mita 110. Kila kimoja kina kimo cha mita 1.067, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida akisimama mbele yake kinamfika kitovuni. Cha kwanza kiko mita 13.72 kutoka pa kuanzia, na baada ya hapo ni mita 9.14 kutoka kiunzi hadi kiunzi. Nafasi hiyo ni ya hatua tatu, hazizidi wala hazipungui. Anayepiga nne amekwisha kuachwa. Mbio nzima humalizika kwa sekunde kumi na nne hivi, na muda wote huo mkimbiaji hapati hata nafasi ya kugeuza shingo amwone aliye kando yake.

Oktoba 1964, jijini Tokyo, mmoja wa walioinama kwenye mstari wa mbio hizo alikuwa Aggrey Awori, mwana wa kijiji cha Budimo, Busia ya Uganda. Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa tarehe 10, siku moja baada ya Uganda kutimiza miaka miwili ya uhuru. Miaka minne nyuma, mjini Roma, alikuwa ameruka viunzi hivyo hivyo akiiwakilisha Uganda iliyokuwa bado chini ya Uingereza. Hakufika fainali Roma wala Tokyo. Dhahabu zote mbili zilikwenda kwa Wamarekani: Lee Calhoun mwaka 1960 na Hayes Jones mwaka 1964.

Hata hivyo, anayetaka kujua kazi ya michezo ilivyoanza katika ukanda huu wa mpaka, na kwa nini mpaka leo mtoto wa Busia au Tororo anayeshika raketi ya tenisi au kuvaa viatu vya mbio hulazimika kupitia mbali sana kabla mchezo haujamlisha, hana budi kuanzia kwa Awori. Yeye alifika juu kabisa, na mchezo haukumpa hata senti moja.

Alizaliwa tarehe 23 Februari 1939, mtoto wa kumi kati ya kumi na saba. Baba yake, Kanoni Jeremiah Awori, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kulihubiri neno katika Kanisa la Anglikana sehemu hizo, akishirikiana na mkewe Mariamu. Familia ile ilikuwa na miguu pande zote mbili za mpaka, na hilo halikuwa jambo la ajabu kwa Wasamia. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote ya magharibi mwa Kenya ilihesabiwa kuwa Uganda. Siku hiyo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa chini ya utawala uliokuja kuitwa Kenya, na mwaka 1926 mstari ukaandikwa rasmi. Kwa sehemu yake kubwa hapa unafuata mito, Malaba kaskazini na Sio kusini. Wasamia wakabaki ng'ambo zote mbili, Wateso vilevile, na arusi na matanga yakaendelea kuvuka maji kama zamani.

Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja walikuja kuwa viongozi wa nchi mbili. Moody Awori, aliyezaliwa Butere mwaka 1927, aliwakilisha Funyula katika Bunge la Kenya kuanzia miaka ya 1980, na mwaka 2003 akawa Makamu wa Rais. Wakenya wanamjua kama Anko Moody. Mdogo wake Aggrey aliketi katika Bunge la Uganda kwa niaba ya Samia-Bugwe Kaskazini, ng'ambo tu ya pale, na mwaka 2001 akagombea urais wa Uganda. Kaka yao mwingine, W. W. W. Awori, alikuwa mwandishi wa habari na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya enzi za ukoloni. Nelson Awori alikuwa daktari bingwa wa upasuaji. Ni vigumu kuitaja nyumba nyingine ya Afrika Mashariki iliyotoa watu wa namna hiyo kwa nchi mbili kwa wakati mmoja.

Watu wa Busia wamejua siku zote kwamba kuvuka ni kazi. Baiskeli zilizobeba abiria na mizigo katika kile kipande cha barabara kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, mwenye baiskeli akiita kwa neno la Kiingereza la mpaka, ndizo zilizozaa jina la bodaboda ambalo sasa linatumika kutoka Mombasa hadi Bukavu. Lori la saruji kutoka Tororo, gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, kila kitu kina mtu wa kukivusha na bei ya kukivushia. Mchezo nao, kwa vijana wa kizazi cha Awori, ulikuwa chombo cha kuvukia. Mtu alikimbia ili afike shule nzuri zaidi, kisha nchi nyingine, kisha ofisini. Hakuna aliyekimbia ili ale.

Shule zilifanya kazi kubwa katika jambo hilo. Awori alipitia Nabumali, karibu na Mbale, kisha King's College Budo, na katika shule za misheni kama hizo uwanja wa riadha ulipewa heshima karibu sawa na kanisa. Mifano ya kuigwa ilikuwapo. Mwaka 1954, mjini Vancouver, Mteso Patrick Etolu aliipatia Uganda medali ya fedha ya kuruka juu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, nyuma ya Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria. Miaka miwili baadaye Uganda ilipeleka timu yake ya kwanza kwenye Olimpiki, huko Melbourne, na Etolu alikuwamo. Kwa mtoto aliyekuwa akikua Samia-Bugwe, habari kwamba mtu wa mashariki mwa Uganda ameruka na kushika nafasi ya pili katika himaya nzima ya Waingereza haikuwa habari ndogo.

Kiswahili kimelitunza vizuri neno linaloeleza michezo ya wakati ule: ridhaa. Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kuridhia mwenyewe, bila ujira. Mwenzake ni mchezaji wa kulipwa. Chini ya Avery Brundage, Mmarekani aliyeiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuanzia 1952 hadi 1972, mstari kati ya wawili hao ulilindwa vikali kuliko mpaka wowote wa nchi. Aliyepokea fedha kwa kukimbia alifungiwa mlango. Kwa tajiri wa Ulaya aliyekuwa na shamba na mirathi, sheria hiyo ilikuwa kitu cha fahari. Kwa kijana wa Budimo ilikuwa na maana moja tu: mchezo una mwisho, na mwisho wake ni siku unapoanza kutafuta riziki.

Awori aliingia Chuo Kikuu cha Harvard na kumaliza mwaka 1965. Ile ilikuwa miaka ya vijana wa Afrika Mashariki kumiminika Marekani. Ndege ya kwanza ya wanafunzi wa mwanasiasa Mkenya Tom Mboya iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, na kufikia 1963 walikuwa karibu 800. Huko Harvard, chini ya kocha Bill McCurdy, Awori alifanya jambo ambalo wapenzi wa riadha wa chuo hicho hawajalisahau. Katika mashindano ya ndani ya Heptagonal, yanayokutanisha vyuo vikongwe vya mashariki mwa Marekani, alishinda mbio fupi za yadi 60, viunzi vya yadi 60, na kuruka chini. Mbio fupi zinataka mlipuko, viunzi vinataka hesabu, kuruka kunataka mguu mmoja wa chuma. Ni nadra mwili mmoja kuwa navyo vyote, na nadra zaidi kuvitoa vyote katika mashindano mamoja.

Alimaliza masomo akiwa na miaka 26. Leo mkimbiaji wa viunzi wa umri huo ndiyo kwanza anaiva, ana wakala, ana kampuni ya viatu inayomlipa, na kalenda yake imejaa miji ya Ulaya kuanzia Mei hadi Septemba. Mwaka 1965 hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Mtu aliyekuwa na shahada ya Harvard na taifa changa linalomhitaji nyumbani hakuwa na sababu ya kuendelea kuruka mbao. Mwaka 1967 Awori alishika uongozi wa Televisheni ya Uganda.

Hapa ndipo tenisi inapoingia, maana mwaka uliofuata ndio uliobadilisha mambo, na ulianzia kwenye viwanja vya Uingereza.

Tenisi ilikuwa imegawanyika vibaya kuliko riadha. Waliokubali kulipwa walizunguka dunia wakicheza wao kwa wao, huku Wimbledon na mashindano makubwa mengine yakibaki ya wachezaji wa ridhaa, ambao wengi wao walipokea bahasha chini ya meza. Aprili 1968, mjini Bournemouth, mlango ulifunguliwa na pande mbili zikakutana. Wimbledon ya mwaka huo Rod Laver alipata pauni 2,000 kwa kushinda, na Billie Jean King pauni 750. Miezi miwili baadaye, katika michuano ya kwanza ya wazi ya Marekani, Arthur Ashe aliwashinda wote lakini hakuweza kuichukua zawadi ya dola 14,000, kwa sababu alikuwa bado amesajiliwa kama mchezaji wa ridhaa. Fedha zilikwenda kwa aliyeshindwa, Tom Okker wa Uholanzi. Kwa wachezaji wengi hesabu ya siku hiyo ilikuwa somo tosha. Pazia la ridhaa katika tenisi lilianza kushuka.

Mwaka 1970 Ashe na Stan Smith walizuru Afrika kwa niaba ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, wakacheza Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na nchi nyingine. Mwaka uliofuata, Yaoundé, Ashe alimwona mtoto wa miaka kumi na moja aitwaye Yannick Noah. Mtoto huyo alikuja kulitwaa taji la Ufaransa mwaka 1983. Afrika Mashariki haikupata Noah wake. Sababu haikuwa uhaba wa vipaji. Kuruka kiunzi kunahitaji mbao mbili na ubao wa juu, na fundi seremala wa Tororo anaweza kuvitengeneza kwa asubuhi moja. Tenisi inahitaji uwanja uliosawazishwa, wavu, raketi, mipira inayokufa baada ya siku chache, na zaidi ya yote inahitaji mpinzani wa kiwango chako, jana, leo na kesho. Enzi za ukoloni viwanja vilikuwa vya klabu, na klabu zilikuwa za watu wa rangi fulani. Mwafrika aliingia kama mtoto wa kuokota mipira. Wengi walijifunza mchezo hivyo hivyo, wakitazama kutoka kando ya wavu, wakicheza na raketi kuukuu wenye uwanja wakishaondoka.

Kuna uzi mmoja unaounganisha tenisi na nyumba ya Kanoni Awori. Mjukuu wake, Susan Wakhungu, alikuwa bingwa wa tenisi wa Kenya kabla ya kugeukia kazi nyingine na hatimaye uchapishaji wa vitabu. Naye pia, kama mjomba wake, aliutumia mchezo kama daraja. Kizazi kimoja baada ya Roma, katika familia iliyosoma na yenye uwezo, bado hapakuwa na njia ya kuishi kwa raketi ukiwa Afrika Mashariki.

Aliyeifungua njia hiyo kwanza ni Paul Wekesa. Mkenya huyu, aliyezaliwa mwaka 1967, alipitia Chuo Kikuu cha Chapman, California, kisha akaingia katika mzunguko wa wachezaji wa kulipwa. Mwaka 1989 alishinda taji la wawili wawili mjini Seoul akishirikiana na Mmarekani Scott Davis, na mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja. Tukumbuke maana ya namba hiyo. Orodha ya ubora ya kompyuta ilianza Agosti 1973, na pointi zake hazigawiwi kwa hisani. Kila moja inashindaniwa uwanjani, mji baada ya mji, na ikitimiza mwaka inafutika, ukaishindanie upya. Kuwa wa mia moja ni kuwa umefanya hivyo wiki baada ya wiki, kwa nauli yako, ukitoka nchi ambayo haina hata shindano moja la daraja la juu.

Baada yake kulikuwa na ukimya mrefu, kisha akaja Angella Okutoyi. Amezaliwa mwaka 2004, akalelewa na bibi yake aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi, na uwanja wa shule hiyo ndio uliomfundisha mchezo yeye na pacha wake. Januari 2022, Melbourne, alimshinda Muitalia Federica Urgesi na kuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi katika mashindano makubwa ya vijana. Julai mwaka huo huo alisimama Wimbledon na Mholanzi Rose Marie Nijkamp katika fainali ya wasichana wawili wawili, dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na ile ya kuamua ikafika 11-9. Katika hesabu hiyo ya mwisho anayetangulia kufika kumi hushinda, ila lazima aache pengo la pointi mbili. 11-9 maana yake walikuwa tisa kwa tisa, na makosa mawili yangeweza kuwanyima taji.

Kisha Okutoyi akaenda wapi? Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama. Machi 2024 alirudi barani akashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra, ya kwanza kwa Kenya katika tenisi tangu Algiers mwaka 1978.

Kutoka Awori hadi Okutoyi imepita miaka sitini, na barabara ni ile ile. Uwanja wa shule, mtu mzima mmoja anayejali, kisha chuo cha Marekani kinacholipa karo, malazi na kocha. Wapo wanaoona fahari katika jambo hili, na fahari ipo. Lakini pia ni ushahidi kwamba nchi zetu hazijajenga hata kipande kimoja cha barabara yao wenyewe. Mchezaji wa Lugogo, Kampala, na mwenzake wa Nairobi wanatenganishwa na safari ya usiku mmoja ya basi kupitia Busia au Malaba. Wangeweza kupimana nguvu kila mwezi. Tangu Februari 2018, marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walipokizindua kituo cha pamoja cha Busia, msafiri anagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Lori la saruji limenufaika. Mfanyabiashara wa mayai amenufaika. Mtoto mwenye raketi begani naye angenufaika, kama kungekuwa na uwanja wa kumsubiri ng'ambo ya pili na mashindano yaliyopangwa kwa kalenda inayoeleweka. Busia na Tororo, miji yenye barabara kuu, yenye reli iliyopita Tororo ikielekea Kampala iliyofikiwa mwaka 1931, yenye kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, ina kila sababu ya kuwa mahali pa kukutania. Saruji yenyewe inatoka pale pale, chini ya mwamba wa Tororo. Uwanja mgumu wa tenisi ni saruji na mstari mweupe.

Awori mwenyewe hakurudi tena kwenye viunzi, ila maisha yalimwekea vingine. Mapinduzi ya Idi Amin ya tarehe 25 Januari 1971 yalimkuta kwenye televisheni, na akakimbilia Kenya, nchi ambayo nusu ya ndugu zake waliiita nyumbani. Baadaye alikuwa balozi Marekani na Ubelgiji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliongoza kundi la waasi la FOBA lililopigana mashariki mwa Uganda. Akapatana na serikali, akaingia bungeni, na kati ya 2009 na 2011 akawa Waziri wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Busia ya Uganda, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 1997, ilimjua kama mwanasiasa. Vijana wengi waliompigia kura walikuwa hawajazaliwa aliporuka Tokyo.

Tarehe 1 Julai 2021 vyuo vya Marekani vililegeza sheria ya ridhaa iliyomfunga yeye na kizazi chake, na wanafunzi wanamichezo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Aggrey Awori alifariki tarehe 5 Julai, Kampala, akiwa na miaka 82. Siku kumi na nane baadaye Olimpiki ilifunguliwa tena Tokyo, na tarehe 4 Agosti Peruth Chemutai, binti wa Mlima Elgon, ulioko mpakani, alishinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika 9, sekunde 1.45. Ni mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Kwa utaratibu wa serikali ya Uganda, dhahabu hiyo humpa mwenye nayo shilingi milioni tano kila mwezi.